Chaza na Bwana Harusi

Chumvi aliona kabla ya kusalimia. Alikuwa bado mlangoni mwa kliniki ya meno, ndoo mkono wa kushoto, begi la vifaa begani, na shangazi yake wa dawati la mapokezi ameshafungua kinywa kumkaribisha. Lakini macho yake yalikwisha kuvuka viti vya wagonjwa na meza ya magazeti, yakatua kwenye tangi. Chaza alikuwa amejikunja.

"Nani kaingiza samaki mpya humu?" akauliza.

"Kwani tumelala nyumba moja?" shangazi akamjibu. "Hata salamu hunipi?"

"Shikamoo, shangazi. Nani kaingiza samaki mpya humu?"

"Marahaba. Muulize mchumba wako. Mimi kazi yangu kuita majina."

Tangi lile lilichukua ukuta mzima wa chumba cha kungojea. Watu wenye mashavu yaliyovimba walikaa mbele yake wakasahau kwa kitambo kilichowaleta. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi, mawe, matumbawe laini yanayopungapunga, samaki wachache wadogo wenye adabu zao, na katikati, juu ya jiwe bapa chini ya taa kali, chaza. Huyo ndiye aliyekuwa tangi lenyewe. Wengine wote walikuwa wasindikizaji. Alipofunguka, nyama yake ilimwagika nje ya gamba pande zote mbili kama pindo la gauni la sherehe, buluu iliyokoza yenye madoa ya kijani, na ukisogeza kichwa inametameta. Wagonjwa walimpenda kwa sababu zao. Walisema ndiye mgonjwa pekee pale anayefungua mdomo bila kuogopa, tena hana jino hata moja.

Chumvi alimlea tangu akiwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Kazi yake ilikuwa kutunza matangi ya samaki katika ofisi na majumba ya watu, na jina la Chumvi alilipata kwa tabia yake ya kuchovya kidole majini, kukilamba, na kutangaza kama chumvi imezidi au imepungua. Kipimo alikuwa nacho begini. Ila alipenda watu wamwone akilamba. Alikuwa kijana wa namna hiyo, anayeijua kazi yake na anayetaka ijulikane kwamba anaijua.

Chaza yule angeweza kumweka popote. Alimweka kliniki kwa sababu mbili. Ya kwanza alimweleza kila aliyeuliza, kwamba ukuta ule ulikuwa na nafasi ya tangi refu na taa ya kufaa. Ya pili ilikuwa msaidizi wa daktari, binti mwenye sauti ya chini na kicheko cha ghafla, ambaye mifuko ya koti lake haikukosa vipande vya pamba, na ndiyo maana watu wote walimwita Pamba. Chaza alimpa Chumvi kisingizio cha kufika kliniki mara kwa mara. Kisingizio kikazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa uchumba, na sasa wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameshakubaliana. Kilichobaki ni kupanga siku.

Pamba akatoka chumba cha matibabu, barakoa imeshuka kidevuni.

"Umemwona Bwana Harusi?" akasema, akamshika Chumvi mkono wa shati na kumvuta hadi kwenye kioo. "Mtazame alivyovaa."

Samaki alikuja mbio. Hakuzidi kiganja cha mtoto kwa ukubwa. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya chungwa lililoiva, una mistari myeusi ya kusimama, na mapezi yake yametiwa buluu pembeni kana kwamba kuna fundi aliyeyapaka kwa brashi. Akasimama mbele yao, akageuka upande huu, akageuka upande ule, kama mtu anayejaribu suti kwa mshonaji.

"Bwana harusi wa nani?" Chumvi akauliza.

"Wagonjwa ndio waliompa jina."

"Na nani kamleta?"

"Daktari mpya. Kasema tangi ni zuri ila limepoa, linataka mchangamko."

Limepoa. Neno hilo likamkaa Chumvi kooni kama mwiba.

Daktari mpya alikuwa ameletwa na mwenye kliniki ili amsaidie kazi. Alikuwa mrefu, mpole wa kusema, shati lake limepigwa pasi hadi ndani ya mfuko, na vidole vyake vilikuwa virefu kiasi kwamba mtu alijiuliza vinaingiaje midomoni mwa watu. Chumvi alimtafuta kasoro tangu siku ya kwanza. Aliyoipata ilikuwa moja tu, kwamba huwa anatabasamu kabla ya kumaliza kuambiwa kichekesho, na hata hiyo shangazi alisema si kasoro.

Mwenyewe akatokea akivua glavu. "Fundi, karibu. Nilitaka kukupigia, nikaona afadhali nikushtukize."

"Umenishtukiza."

"Muuzaji kanihakikishia hana shida na matumbawe."

"Matumbawe, sawa. Mimi nina chaza." Chumvi akaweka ndoo chini. "Samaki wa aina hii wanaitwa malaika, lakini mbele ya chaza umalaika wote unawatoka. Hudonoa. Hata akishiba hudonoa, kwa uchokozi tu, leo kidogo, kesho kidogo. Chaza akidonolewa anajikunja. Akijikunja hapati mwanga, na chaza huyu chakula chake ni mwanga, kuna vijimea ndani ya nyama yake vinavyompikia. Basi atakufa njaa na sahani iko mbele yake."

Daktari akainama, akalitazama tangi kwa heshima. "Tangu jana tunamtazama. Hajamgusa."

Katika maneno yote hayo Chumvi alisikia moja. "Mnamtazama. Wewe na nani?"

Pamba akauachia mkono wa shati. "Chumvi," akasema polepole, "tunazungumza habari za samaki au za daktari?"

Mgonjwa mmoja aliyefura shavu akacheka kwa upande wa pili wa mdomo. Chumvi akachovya kidole majini, akakilamba, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutangaza.

Tabu ilikuwa kwamba samaki yule alikuwa na akili. Alishajua kwamba sura ikitokea kwenye kioo, chakula kinafuata, kwa hiyo kila mtu aliposogea kumtazama aliacha shughuli zake akaja kujionyesha. Mbele ya watu hakumdonoa chaza wala hakumkaribia. Pindo la chaza lilikuwa likichanika ukingoni, kila Chumvi akija ameliona fupi zaidi, na kila akisema aliambiwa mbona sisi hatujaona. Alijaribu kutega simu. Akaiegemeza kwenye kioo ikichukua picha, akaenda kukaa kwenye ngazi nje. Aliporudi kuitazama akakuta Bwana Harusi mchana kutwa, uso mbele, uso pembeni, akijitazama kwenye kioo cha simu.

"Hata simu yako inamtangaza yeye," shangazi akasema.

Na kadiri walivyokosa kumwamini ndivyo Chumvi alivyosema kwa hasira zaidi, na kadiri alivyosema kwa hasira ndivyo ilivyoonekana wazi kwamba anachokisema si cha samaki. Hilo alilijua. Alijua kwamba ni kweli samaki anadonoa, na alijua kwamba hata kama angekuwa hadonoi yeye angesema anadonoa. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake kifua kwa kifua, na hakuna lililokuwa tayari kutoka.

Akanunua kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea matunda, akakigeuza juu ya chaza, akakibana kwa mawe. Alirudi kesho yake akifurahi kwamba amemaliza kazi. Akamkuta Pamba amekunja mikono ya koti, kikapu kiko sakafuni kinachuruzika maji.

"Nani kakitoa?"

"Mimi."

"Nilikiweka kumlinda."

"Umemfungia," Pamba akasema. "Chini ya kikapu ni giza, Chumvi. Si wewe uliyenifundisha kwamba anakula mwanga? Ametunzwa vizuri kabisa, anakufa tu."

Chumvi akataka kujibu, akaona kwamba chaza amefunguka kidogo tangu kikapu kitoke. Akakiokota kikapu. Lakini alipokuwa akikusanya vyombo vyake akasikia kutoka chumba cha matibabu daktari akisema, "Pamba, njoo kidogo," bila dada wala sista wala cheo chochote. Na Pamba akaenda.

Siku hiyo alasiri, wagonjwa wakiwa wachache, Chumvi alimwomba shangazi ufunguo wa stoo. Stoo ile ilikuwa nyuma ya mapokezi, na mlango wake ulikuwa na matundu ya hewa yaliyotazamana na tangi.

"Unataka kufanya nini humo?"

"Kumtazama samaki asiponiona."

Shangazi akampima kwa macho. "Mimi nilikubeba mgongoni, ujue. Ukikamatwa sikufahamu."

Akaingia, akakaa juu ya boksi la glavu, akaweka jicho kwenye tundu. Kwa muda hapakuwa na chochote. Pampu ilinguruma, matumbawe yalipunga, mgonjwa mmoja alisinzia. Kisha Bwana Harusi akatoka nyuma ya mawe. Hakuwa na maringo tena. Alikwenda chinichini kama mtu anayepita nyumbani kwa mdai wake, akatua karibu na jiwe bapa, akamkabili chaza.

Hapo hapo mlango wa matibabu ukafunguka, Pamba akatoka na daktari nyuma yake. Wakasimama mbali na tangi, mgongo wakaligeuzia. Daktari alikuwa akieleza jambo kwa mikono. Pamba akacheka, kile kicheko chake cha ghafla ambacho Chumvi alidhani anakijua asili yake yote, kisha akanyoosha mkono akatoa kitu kwenye bega la daktari. Pengine ulikuwa uzi, au kipande cha pamba. Mkono ulikwenda na kurudi. Jicho la Chumvi likaenda na ule mkono, likabaki pale begani baada ya mkono kuondoka, likatafuta kama kuna alama.

Alipokumbuka samaki, samaki alikuwa ameshapita zake, na chaza amejifunga kabisa.

Sijui boksi lilibonyea au yeye aliinuka vibaya. Rafu ikatikisika na chupa za dawa ya kusukutua zikaporomoka. Pamba akaufungua mlango. Akamtazama mchumba wake amekaa katikati ya chupa, harufu ya mnanaa imejaa chumba.

"Unafanya nini?"

"Nimemwona," Chumvi akasema, akisimama. "Samaki. Amemdonoa sasa hivi, kwa macho yangu."

"Kweli?"

"Kwa macho yangu."

"Upande gani?"

Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ilikuwa ndefu ya kutosha. "Wa kulia," akasema. "Karibu na jiwe."

Pamba akaenda kwenye tangi. Akangoja mpaka chaza akajifungua tena taratibu, kwa woga. Upande wa kulia pindo lilikuwa zima. Upande wa kushoto palikuwa na mchaniko mpya, mweupe, bado unaning'inia.

Daktari alishaondoka kwa adabu. Shangazi alikuwa akiandika jina la mgonjwa ambaye hakuwepo.

"Huenda kweli anadonoa," Pamba akasema. "Na wewe kumbe hukuwa unamtazama." Hakuinua sauti, na Chumvi angeshukuru kama angeinua. "Basi tufanye hivi. Chaza nitamwangalia mimi. Wewe usije mpaka nikuite."

"Na maji?"

"Kubadilisha maji umenifundisha."

Chumvi akaenda kwenye matangi mengine ya watu wengine. Alisugua vioo vya ofisi za mawakili na vya nyumba za matajiri, na ndani ya kila kioo aliona picha ile ile: Pamba anamimina maji, daktari kashika ndoo. Akiwa na bahati, ndoo ilimwagika kwenye shati la daktari. Kisha Pamba akalipangusa, na bahati ikaishia hapo. Alimpigia shangazi simu.

"Daktari kavaa shati gani leo?"

"Lenye mikono miwili," shangazi akasema, akakata.

Alipiga tena kuuliza chaza anaendeleaje. Shangazi akasema amekuwa mdogo, rangi inapauka. Chumvi akakaa kitandani na simu mkononi. Alifikiri angeumia kwa ajili ya chaza, na kweli aliumia, lakini chini ya maumivu hayo alikuta jambo lililomwogopesha: kulikuwa na sehemu yake iliyotaka chaza afe, ili ijulikane alisema kweli. Hakutaka kukaa na wazo hilo. Aliinuka akaanza kuosha tangi tupu lililokuwa sebuleni kwa mama yake, akafunga taa yake kubwa ya akiba, akachanganya maji na chumvi, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi.

Siku Pamba alipomwita, ilikuwa kwa maneno mawili. "Njoo. Nimemwona."

Alipofika kliniki walikuwa wamefunga kwa mapumziko ya mchana. Pamba akamwonyesha alivyofanya. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mgongo kwa tangi, kama mtu anayesoma gazeti. Juu ya bega akainua kioo kidogo cha mviringo chenye mpini, kile ambacho daktari hutazamia meno ya nyuma. Samaki aliona kisogo tu, na kisogo hakitoi chakula.

"Alikwenda moja kwa moja," Pamba akasema. "Akadonoa, akarudi, akadonoa. Sikutegemea ningeona haraka vile. Ilitosha kumtazama."

Neno la mwisho lilimpata Chumvi mahali pake. Lakini alikuja na hotuba aliyoitunga njia nzima, hotuba kali yenye vina, juu ya watu wanaoleta wasichokijua mahali wasipoulizwa, na alikuwa ameshavuta pumzi ya kuianza daktari alipotokea.

"Fundi, nilikosea," daktari akasema. "Ningekuuliza kwanza. Na ulipotuambia ningekusikia. Samahani sana."

Hotuba yote ikamfia mdomoni. Hakuna kitu kinachomkera mtu aliyejiandaa kwa vita kama adui aliyekwisha kushusha silaha. "Haya," Chumvi akasema.

Wakajaribu kwanza kumtoa samaki. Chumvi akatega chupa yenye mdomo mwembamba na chambo ndani. Bwana Harusi akaizunguka kama mpangaji anayekagua chumba, hakukipenda, akarudi mapangoni. Kumfuata huko kulitaka mawe yote yabomolewe, na matumbawe yaliyokuwa yameshikana juu yake yangeumia. Hilo lilikuwa kazi ya mchana mzima, na chaza, kwa hali aliyokuwa nayo, hangestahimili mchana mzima katika maji yaliyotibuliwa. Ilibidi atoke yeye kwanza.

Naye alikuwa ameshika jiwe. Chaza hujifunga kwenye jiwe kwa nyuzi ngumu zinazotoka chini ya gamba, na ukimvuta, unaling'oa na guu lake lenye nyuzi, na aliyeng'oka guu haponi. Hukatwa nyuzi, karibu na jiwe, kwa wembe, bila kuona sawasawa. Chumvi alikwisha kuifanya kazi hiyo zamani kwa chaza wadogo. Akaingiza mkono majini hadi begani, na wembe ukaanza kutetemeka. Akautoa mkono. Akapangusa, akaingiza tena. Ukatetemeka tena.

"Mikono yako," Pamba akasema.

"Naiona."

Aliyesema ni daktari, na alisema akitazama maji, si akimtazama mtu. "Kukata kitu nisichokiona vizuri, ndani ya mate, na mwenyewe amenibania mdomo. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Lakini chaza ni wako. Ukisema hapana ni hapana."

Chumvi akamtazama chaza. Ule uzuri wote wa buluu ulikuwa umebaki ukanda mwembamba, kama mtu aliyekunja midomo ili asilie. Akamkabidhi daktari wembe.

"Usivute," akasema. "Hata kidogo. Kata kwenye jiwe, usikate kwenye nyama. Mimi nitamshika asiyumbe."

Wakaingiza mikono majini wote wawili, mabega yakigusana. Daktari aliingiza kioo kidogo chini ya gamba kwa mkono mmoja na wembe kwa mwingine. Pamba akashika taa. "Mwanga," daktari akasema, na kabla hajasema upande gani mwanga ulishafika. Akakiacha kioo, akanyoosha vidole nje ya maji, na koleo ndogo ikawa imeshawekwa ndani yake. Wawili hao hawakutazamana hata mara moja. Kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi, na Chumvi, aliyekuwa katikati yao kwa mara ya kwanza, aliona kwamba ndivyo walivyokuwa kila siku nyuma ya mlango ule: meno, mwanga, koleo, pamba. Wivu ulimpanda hadi masikioni. Huu ulikuwa mbaya kuliko wa mwanzo, maana haukuwa na kosa la kushika. Lakini hakuweza kuushughulikia. Kiganja chake kilikuwa chini ya gamba, na angetazama nyuso zao kwa nukta moja, gamba lingeyumba na wembe ungeingia nyamani. Akayaweka macho yake kwa chaza. Akasikia nyuzi zikikatika, moja, kisha nyingine, mtetemo mdogo kama saa inayojaribu kusimama. Kisha uzito wote ukalala mkononi mwake, mzima.

"Ameachia," akasema.

"Guu?"

"Lipo."

Daktari akatoa mikono, shati limelowa hadi kifuani, pasi yote imekwenda. Hakujali. "Sasa, fundi," akasema, "kama unataka, tubomoe mawe hata leo. Wagonjwa wa jioni nitawaahirisha. Tutamtoa samaki, nitamrudisha kwa muuzaji, na chaza wako atakaa mahali pake." Akaenda kubadilisha shati.

Chumvi akamlaza chaza kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Pamba akachutama upande wa pili wa ndoo.

"Ulikuwa sahihi," akasema. "Juu ya samaki."

"Nilisema."

"Ulisema. Na siku ile ya stoo ulisema umeona."

Shangazi pale dawatini akaacha kugeuza kurasa. Chumvi akatazama majini. "Sikuona," akasema. "Nilikuwa nawatazama ninyi." Kisha, kwa kuwa mlango ulikwisha kufunguka, likatoka na lililokuwa nyuma yake. "Mlikuwa mnacheka nini?"

Pamba akafikiri kwa kweli, uso umekunjamana. "Sikumbuki," akasema.

"Hukumbuki."

"Hiyo ndiyo tabu yangu na wewe, Chumvi. Mimi sikumbuki, na wewe utaikumbuka mpaka tuwe na wajukuu. Kama tutafika huko." Akagusa ukingo wa ndoo. "Mama ananiuliza tupange siku gani. Nimemwambia angoje. Siwezi kuolewa na mtu anayenitazama kwenye tundu la mlango. Nitakuwa ninajikunja kila ukipita."

Chumvi akayahesabu mawe ya tangi kwa macho. Chaza akibaki kliniki, yeye angekuwa hapo kila mara, kumpima, kumwangalia, kulamba kidole; angejua shati la kila siku. Chaza akienda nyumbani, tangi lililobaki lingekuwa na samaki mmoja mchokozi na matumbawe yasiyodai sana, na la kufanya lingekuwa kusugua kioo mara chache. Pamba na daktari wangebaki nyuma ya mlango wao, meno na mwanga, na yeye asingekuwa na tundu lolote. Damu ilimchemka akilifikiria hilo. Akaiacha ichemke.

Daktari akarudi na shati kavu. "Tunabomoa?"

"Mwache samaki," Chumvi akasema. "Wagonjwa wamemzoea. Chaza namchukua nyumbani, nimeshamwandalia tangi."

"Na wewe utakuja hapa na kisingizio gani?" shangazi akauliza.

"Sina," akasema, akainua ndoo.

Nyumbani, mama yake alilalamika juu ya taa. Alisema sebule imekuwa uwanja wa mpira, wageni watadhani kuna mechi. Chumvi akamwomba radhi, akamlaza chaza kwenye jiwe jipya, akakaa mbali. Alijifunza kukaa mbali, kwa kuwa hata kivuli cha mtu kikipita chaza hujifunga. Siku za kwanza chaza hakufanya lolote. Chumvi naye alifanya kazi zake, akaukwepa mtaa wa kliniki kwa makusudi, akipitia kona ya pili, na hakumpigia shangazi kuuliza nguo za mtu. Kila alipojizuia alijisikia kama anayejing'oa jino mwenyewe bila ganzi.

Asubuhi moja akiwa anakunywa chai simu ikalia.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Pamba akauliza.

Chumvi akageuka. Chini ya taa, ukingo wa gamba ulikuwa umetoa pindo jembamba la buluu, bado limekwaruzwa, lakini limetandazwa pande zote mbili.

"Ameshika jiwe," akasema. "Nimemgusa jana, hang'oki."

"Na rangi?"

"Inarudi."

Nyuma ya sauti ya Pamba kukasikika sauti nyingine, tulivu, ikisema jambo fupi, na Pamba akaitikia pembeni ya simu, "Nakuja." Chumvi akafungua mdomo. Swali lilikuwa limeshakaa juu ya ulimi, zima, lenye miguu yake yote. Upande wa pili Pamba alikuwa anangoja, na Chumvi alijua kwamba anangoja, na kwamba wote wawili wanalijua swali lenyewe.

Akameza chai.

"Nenda kazini," akasema. "Ukipata nafasi uje umwone."

"Lini?"

"Siku unayotaka wewe."

"Jumamosi," Pamba akasema. "Nitakuja na mama."

Simu ikakatika. Chumvi akachukua sifongo, akaanza kusugua tangi jingine kule varandani, ambalo lilikuwa tupu na safi tangu jana, na akalisugua kwa nguvu mpaka mkono ukamwuma.